Shajara ya mradi: bati la kubanikia nyama kando ya moto

Mwanzo wa Juni: tunachotaka kutengeneza

Kifaa chenyewe ni nusu pipa la bati lililolazwa ubavu, mdomo wake ukielekea motoni. Katikati kinapita chuma kirefu kinachotunga nyama, chenye mpini wa kuzungushia upande mmoja. Nyama haikai juu ya moto, inakaa mbele yake. Upande unaotazama moto unapigwa na joto moja kwa moja, na ule wa nyuma unapigwa na joto linalorudishwa na bati linalong'aa. Mafuta yanadondokea kwenye tumbo la bati na kutoka kwa mdomo mdogo wa pembeni.

Huko Marekani na Uingereza vifaa hivi vilikuwa vya kawaida kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19, enzi ambazo watu walipika kwenye meko ya ukutani. Yalipoingia majiko ya chuma yenye oveni ndani, bati likatupwa darini. Wamarekani waliliita jiko la bati. Waingereza walikuwa na jina la kuchekesha, mharakishaji, maana liliharakisha kuiva. Jina lao jingine lilikuwa oveni ya Kiholanzi (Dutch oven), na hilo ndilo linalosumbua hadi leo, kwa sababu wengine wanalitumia kwa sufuria nzito ya chuma yenye mfuniko, kitu tofauti kabisa. Ukitafuta michoro kwa jina hilo unaletewa masufuria matupu. Humu nitaandika "bati" tu, tukipata jina bora tutabadilisha.

Kwa nini nahangaika? Nyama choma ya Dodoma sina ugomvi nayo. Lakini paja zima la mbuzi likiwekwa juu ya wavu linaungua nje huku karibu na mfupa bado bichi, ndiyo maana wachomaji wengi wanalipasua au wanalichemsha kwanza. Halafu mafuta yote yanaishia kwenye mkaa, yanawaka, nyama inapata masizi. Nataka paja zima, limeiva hadi mfupani, na mafuta yake niyaone kwenye bakuli.

Jumamosi, mnada wa Msalato

Kabla ya kukata bati nilitaka kuona moto wa pembeni unavyoendeshwa na watu wanaoujua. Mnadani wengi wanachoma juu ya wavu, ila ukizunguka utawakuta wanaochomeka mbavu kwenye vijiti na kuvisimika ardhini kuuzunguka moto wa kuni. Huko ndiko kubanika kwenyewe, na hakuna bati hata moja.

Nilimwamkia mzee mmoja, "Mbukwa," akaitika, nikaomba kukaa karibu na moto wake. Niliona amesimika vijiti pande tatu tu. Upande ambao upepo ulikuwa unaelekea ameuacha wazi.

"Mzee, kule mbona hukuweka?"

"Kule ni kwa moshi, mwanangu. Nyama ya kule inaiva kwa kulia."

Alikuwa haugusi moto. Nyama ikichelewa, anakilaza kijiti kidogo kuelekea motoni. Ikianza kubadilika rangi haraka, anakisimamisha. Kati ya nyama na moto palikuwa na umbali wa kiganja hadi kiwiko, si zaidi. Na moto wenyewe ulikuwa wa ndimi, kuni zimesimamishwa zikiegemeana, si kaa lililotandazwa. Hilo la ndimi nililiandika kwenye daftari bila kulitilia maanani sana. Wiki mbili baadaye ndilo lililotusumbua kuliko kitu kingine.

Wiki hiyo hiyo: kutafuta debe

Mabati ya asili yalikuwa karatasi nyembamba ya chuma iliyopakwa stani, ile metali nyeupe isiyoshika kutu. Kwa muda mrefu Wales ndiyo iliyoilisha dunia bati hilo. Hapa kwetu bati la aina hiyo lipo mtaani na linajulikana kwa kila mtu: debe. Debe la mafuta ya kula, likifumuliwa, linatoa karatasi ya sentimita 90 na ushee kwa 35, na upande wa ndani ni mweupe unaong'aa. Tatizo ni kwamba siku hizi mafuta yanakuja kwenye madumu ya plastiki. Ilibidi kuzunguka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na kwa waoka mikate mpaka nikapata matatu yasiyo na kutu. Yaliyokuwa na rangi ya nyumba nimeyakataa yote, hata yaliyooshwa.

Fundi wangu wa bati, anayetengeneza majiko na vibatari, alikuwa na wazo rahisi zaidi.

"Dada, kipande cha msauzi kipo hapa kimebaki, kipya kabisa. Unahangaika na madebe ya nini?"

Bati la kuezekea halifai. Limepakwa zinki, na mengi yana rangi juu yake. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419, na ikipata joto kali zaidi inatoa moshi unaoleta homa. Nilipomwambia hivyo alicheka. "Hiyo homa naijua. Ndiyo maana sisi wa kuchomelea tunakunywa maziwa." Maziwa hayaondoi moshi wa zinki mapafuni, lakini angalau tulikubaliana kwamba hatutaupikia watu.

Katikati ya Juni: kukata, kukunja, kufunga

Debe moja lina urefu wa sentimita 35, na paja la mbuzi linazidi hapo. Tumeunganisha mawili kwa pindo, kingo zimekunjwa zikashikana na kugongwa, tukapata urefu wa karibu 68. Upana tumeupunguza hadi 70, ambao ukipindwa nusu duara unatoa mdomo wa takriban sentimita 45. Debe la tatu limetoa mifuniko miwili ya pembeni.

Fundi alitaka kulehemu pembe zote kwa risasi. Nimekataa kwa sababu mbili. Risasi ni sumu, na humu yatakusanyika mafuta ya kulamba. Pia lehemu ya kawaida ya risasi na stani inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, kwa hiyo inaweza kuachia mbele ya moto huku nyama iko ndani. Tumetumia mapindo na ribiti. Panapovuja mafuta kidogo tumegonga upya pindo, na pamekaza.

Mambo mengine ya umbo, haraka haraka:

Chuma cha kutungia ni nondo ya milimita 10, fundi ameichonga ncha na kuisugua hadi ikang'aa. Paja likitungwa kwenye nondo ya duara linabaki likining'inia upande mzito hata ukizungusha mpini, kwa hiyo tumetoboa nondo sehemu mbili na kupitisha spoku za baiskeli, zinaingia kwenye nyama kwa kukingama. Sasa nondo ikizunguka, nyama inazunguka.

Mpini una kikulabu. Kwenye mfuniko wa pembeni tumetoboa matundu yaliyopangwa duara, kikulabu kinaingia kwenye tundu lolote na nyama inakaa upande unaoutaka. Hili nimeliiga kwenye mabati ya zamani na ni jambo la akili sana: huhitaji kusimama ukizungusha muda wote, unasogeza tundu moja kila dakika chache.

Mgongoni kuna kidirisha chenye bawaba ya waya. Unakifungua, unaipaka nyama mafuta yake mwenyewe kwa kijiko kirefu, unafunga, bila kwenda upande wa moto.

Fundi alipomaliza alirudi nyuma akalitazama. "Sasa hili ni la kuku kulala, au?"

Mwisho wa Juni: moto wa kwanza, mkaa

Paja la kilo mbili na robo, chumvi, ndimu, kitunguu saumu. Jiko kubwa la mkaa limewashwa hadi likawa jekundu lote, bati likawekwa mbele yake kwa umbali ule wa mzee wa Msalato.

Vitabu vya upishi vya Kiingereza vya zamani vilitoa kanuni ya robo saa kwa kila ratili moja ya nyama. Paja letu lina ratili tano hivi, kwa hiyo saa moja na robo. Baada ya muda huo kipimajoto karibu na mfupa kilisoma nyuzi 44. Ngozi ya nje ilikuwa imekauka tu, haina rangi. Tulilimalizia kwenye wavu, likaliwa, halikuwa la kuandikia nyumbani.

Bati halikuwa na kosa. Ukiweka kiganja juu ya jiko huvumilii hata kidogo. Ukikiweka ubavuni, mbele ya bati, unaweza kukaa na kupiga soga. Jiko letu la mkaa limetengenezwa kupeleka joto juu, kwenye sufuria. Kaa limelala, na uso wake mwekundu unatazama mbinguni. Bati linaweza kurudisha joto lililofika kwake tu, haliwezi kuliita.

Nilirudi kwenye daftari, kwenye ile mistari ya kuni zilizosimama. Waingereza nao walikutana na jambo hili walipohama kutoka kuni kwenda makaa ya mawe: vizimba vyao vya moto vikawa virefu kwenda juu na vyembamba kwenda nyuma, ili kaa lisimame kama ukuta na litazame nyama. Kwa hiyo kifaa hiki ni vipande viwili, na mimi nilikuwa nimetengeneza kimoja.

Wiki ya kwanza ya Julai: ukuta wa kaa

Fundi amesuka kizimba cha nondo nyembamba na wavu mzito: upana sentimita 45, kimo 30, unene 10 tu. Mgongoni tumeweka matofali ya kuchoma ili joto lisipotee nyuma. Mkaa unajazwa kutoka juu.

Tofauti ilikuwa kubwa mno. Dakika ishirini za mwanzo paja lilianza kutoa sauti. Rangi ilianza kwenye kingo, ikasambaa. Mafuta yakaanza kudondoka na yakatoka kwenye mdomo wa pembeni meupe, masafi, hayana hata chembe ya jivu. Karibu saa moja na nusu kipimajoto kilifika nyuzi 75 penye mnofu mnene, nikalitoa likapumzika kabla ya kukatwa.

Ladha yake si ya nyama choma. Msiitegemee hiyo. Ule moshi wa mafuta yaliyoungua, ambao wengi wetu ndio tunaouita utamu wa choma, haupo. Unachopata ni nyama yenyewe, maji yake yamebaki ndani, na ganda la nje kavu la kahawia. Shemeji yangu alisema haina kelele. Mwanawe alirudia sahani.

Upungufu upo wa aina mbili. Wa kwanza: ukingo wa juu wa bati, uliokuwa karibu zaidi na kizimba, umepoteza mng'ao na stani imekusanyika kuwa vitone. Stani inayeyuka kwenye nyuzi 232 tu. Umbali wa sentimita 25 kutoka kwenye kaa unatosha, chini ya hapo bati linaanza kuharibika, na bati tupu lisiachwe mbele ya moto huku unatafuta chumvi. Wa pili ni mkaa wenyewe. Ukuta huu unaula sana, kwa sababu upande wa nyuma na wa juu unawaka bila kupika chochote. Nimekuwa nikisikia watu wakisema kila kifaa kipya ni nishati safi. Hiki sicho, na sitakiuza kwa maneno hayo. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Bati langu ni la sikukuu, si la kila siku.

Katikati ya Julai: vijiti vya mizabibu

Hapa ndipo mradi uliponifurahisha zaidi.

Ndugu zetu wa Mpunguzi wana shamba la zabibu. Mizabibu ya Dodoma haina baridi ya kuilaza kama ya Ulaya, hivyo mwaka mmoja unaweza kuvuna mara mbili, na kila msimu mkulima anapogoa. Vijiti vinavyokatwa vinarundikwa pembezoni mwa shamba, vingine vinachomwa hapo hapo kuviondoa njiani. Vilivyokatwa miezi kadhaa nyuma vilikuwa vimekauka vikavu kabisa, vinavunjika vikilia.

Kijiti cha mzabibu hakifai kuivisha maharage. Kinawaka kwa nguvu, ndimi ndefu, na kinaisha upesi. Kwa jiko la kawaida hiyo ni hasara. Kwa bati ni sifa, kwa sababu ndimi zinasimama zenyewe na joto lake linatoka kwa mbele. Wafaransa wa Bordeaux wana desturi ya kuchoma nyama ya ng'ombe juu ya makaa ya vijiti hivi hivi, ila wao wanaweka nyama juu yake.

Nimevikata vipande vya sentimita 30 na kuvisimamisha kwenye kizimba. Chini nimeacha tabaka la mkaa, kama theluthi moja ya tuliotumia mara ya kwanza, ili moto usizime kati ya konzi na konzi. Konzi moja kila dakika nne au tano. Paja lilifika nyuzi 75 mapema kidogo kuliko kwa ukuta wa mkaa, na ganda lake lilikuwa bora: limekauka sawasawa na lina vipovu vidogo.

Tahadhari kwa mtakaoiga: mizabibu inapuliziwa dawa za ukungu. Sijachukua vijiti vibichi wala vya karibu na siku za kupulizia, nimechukua vya zamani vilivyopigwa jua muda mrefu, na kwa kuwa nyama iko pembeni moshi haupiti ndani yake. Hata hivyo muulizeni mwenye shamba alipulizia nini na lini, msiokote tu.

Upepo wa Julai mnaujua. Nilifuata somo la mnadani: mgongo wa bati unaelekea unakotoka upepo. Linakinga nyama isipoe, na moshi unaondoka upande wa pili. Ila upepo ukizidi ghafla ndimi zinalala nyuma, mbali na nyama, na hapo ongeza mkaa badala ya vijiti.

Siku ya wageni: tumbo la bati

Waingereza wa karne ya 18 walikuwa wakiweka uji mzito wa unga, mayai na maziwa chini ya nyama ili udondokewe na mafuta na kuumuka. Sisi tulikuwa na ugali wa kiporo. Nimeukata vipande vya unene wa kidole, nikavipanga kwenye tumbo la bati chini ya paja, nusu saa ya mwisho. Vimegeuka kahawia juu, vimenyonya mafuta ya mbuzi, pembeni vinavunjika kama biskuti. Vipande viliisha kabla nyama haijakatwa, na hapo ndipo wageni walipoanza kuuliza bati limetengenezwa wapi.

Mwisho wa Julai: kamba

Kuna toleo la zamani la kusimama, ambalo nyama inaning'inia badala ya kulala. Juu yake Waingereza waliweka mashine ndogo ya shaba yenye umbo la chupa, ndani ina springi kama ya saa. Unaijaza kwa ufunguo, inazungusha nyama mbele na nyuma. Kabla ya mashine za namna hiyo palikuwa na watoto wa kuzungusha vyuma kwenye majiko ya wakubwa, na baadaye mbwa wadogo wa miguu mifupi waliokimbizwa ndani ya gurudumu ukutani. Mmoja wao amekaushwa na yuko hadi leo kwenye makumbusho ya Abergavenny, Wales. Mbwa wa mtaani kwetu wangemaliza nyama kwanza, gurudumu baadaye.

Springi sina. Mota ya waipa ya gari ipo kwa kila fundi, lakini inataka betri, na sikutaka bati litegemee kitu cha kuchajiwa. Nimejaribu kamba ya katani: paja dogo limefungwa kifundoni, kamba imesokotwa kwa mkono na kuachiwa. Inajisokotoa, inapitiliza, inarudi. Msukumo mmoja unaendelea dakika kadhaa. Inafanya kazi vizuri ajabu kwa nyama ya chini ya kilo mbili. Kwa paja kubwa kamba inanyooka na kulegea, na sehemu ya chini inaiva kabla ya juu, hivyo unalazimika kuligeuza katikati ya safari. Watoto wa nyumbani wamejigawia zamu ya kusokota bila kuombwa.

Hali ilivyo sasa

Bati la kulala linafanya kazi na liko jikoni. Baada ya kila matumizi nalifuta likiwa bado vuguvugu kwa kitambaa na majivu laini, silisugui kwa steelwool, maana ikitoka stani inabaki chuma na chuma kinashika kutu. Mng'ao wa ndani ukifa, bati limekufa: masizi yananyonya joto badala ya kulirudisha.

Kuhusu jina, nyumbani wanasema "lile la fundi", mwenyewe fundi ameandika kwenye risiti "kibanda cha nyama", na mama mmoja wa jirani aliyeagiza lake amemwambia anataka "kile kioo cha mbuzi". Nimeshindwa kuchagua.

Kazi zilizobaki kabla ya kuanza la jirani: miguu ya kukunja ili urefu ubadilike kulingana na moto, mdomo wa mafuta uhamie kona ya nyuma, maana sasa bakuli linakaa karibu mno na kaa, na kupima kwa mizani vijiti na mkaa unaotumika kwa paja moja, ili tuache kukisia. Madebe mawili mazuri nimeshayapata Majengo, la tatu bado. Mwenye nalo lisilo na kutu ndani, asilikate.